Mama Sesilia Anarudi Kwenye Uzi Mweupe

Asubuhi niliyoondoka kwetu Kilosa sikuwa na mpango. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo nilikuwa nimeosha vyombo hotelini, nimechuma pamba ya watu, nimeuza karanga stesheni. Hakuna kazi iliyonifukuza. Mimi ndiye niliyezichoka, mara tu nilipoelewa zinavyofanywa. Siku hiyo nilimwambia mama naenda dukani, na kweli dukani nilifika. Mbele ya duka lilisimama lori lililokuwa limeshusha kabichi, sasa linarudi na magunia matupu. Nikamuuliza dereva kabichi zinatoka wapi. Akasema Mgeta. Mgeta ni wapi? Akanyoosha kidole juu, kama anayeonyesha mbinguni. Nikapanda, nikakaa juu ya magunia, kandambili miguuni na hela ya sabuni mkononi.

Ninyi mabinti mnaosindikiza mizigo sasa mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa kabla yenu. Nitaandika, ila msitafute humu habari za vyeo. Cheo sikupata kwa sababu hakikuwepo: aliyesindikiza mzigo jana ndiye atakayesindikiza kesho. Kazi yenyewe mnaijua. Unakaa na mboga za wanawake kuanzia mlimani mpaka mikononi mwa mnunuzi, ili wao wabaki shambani wakilima. Nimeifanya hadi goti langu la kushoto lilipokataa kupanda ubao wa lori, na goti halibembelezeki.

Mgeta nilipokelewa na ukungu na baridi ambayo Kilosa tulikuwa tunaisikia redioni tu. Kando ya barabara alikaa mwanamke mfupi, mwenye sweta la kiume na rozari shingoni, anashona mdomo wa gunia. Sindano yake ilikuwa ndefu kama kidole cha mtu mzima, imepinda kidogo kwenye ncha. Nilisema shikamoo. Akasema marahaba bila kuinua macho, akaniuliza mimi mtoto wa nani na nimemfuata nani. Nikamwambia naitwa Tatu, simjui mtu yeyote, nimekuja kuona kabichi zinatoka wapi. Hapo akainua macho. Akanitazama kandambili kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama usoni.

"Basi shika gunia," akasema. "Utaona vizuri ukiwa umeshika."

Huyo ndiye Mama Sesilia. Nilishika gunia siku hiyo nikadhani ni kazi ya wiki moja.

Zamani, wanawake wa mteremko ule walikuwa wanamuuzia dalali aliyepanda na lori lake. Dalali alitaja bei mboga zikiwa zimeshakatwa, na alitaka gunia lijazwe lumbesa, yaani lifurike mpaka lishonewe kichwa kingine juu ya kichwa. Mama Sesilia alimuuliza siku moja anazipeleka wapi. Sokoni mjini, akajibiwa. Akauliza kama sokoni huko wanawake wanaruhusiwa kuingia. Dalali alicheka sana. Wiki iliyofuata Mama Sesilia alikusanya karoti zake na za majirani wawili, akalipia nafasi kwenye lori la mtu mwingine, akashuka nazo mwenyewe.

Aliporudi hakumsimulia mtu. Ilichukua wiki mbili hadi aliposema kilichotokea. Alitaka karoti zing'ae, akaziosha mtoni, akazifunga zikiwa bado na maji. Zilifika Morogoro zinateleza kama kambare. Safari ya pili hakuosha kitu. Safari ya tatu majirani wakawa watano. Mimi nilipofika walikuwa kumi na mmoja.

Karoti zile ndizo zilizozaa kikao chake. Kila mwisho wa msimu wanawake walikutana kibarazani kwake, wakala mahindi ya kuchoma na chai ya tangawizi, na kila mmoja alitakiwa kusema kitu kimoja alichokiharibu msimu ule, kisha aseme atafanya nini. Mambo yaliyokwenda vizuri hayakuwa na nafasi. Mwenzetu mmoja alijaribu kusimulia alivyovuna koliflawa nyingi kuliko wote, akaambiwa anywe chai kwanza. Alipomaliza akamiminiwa tena. Kikombe cha tatu akakumbuka kwamba koliflawa zenyewe alisahau kuzifunika na majani yake, jua likazipiga, zikageuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Wote wakaanza kumuuliza maswali kwa pamoja. Semina nilizohudhuria baadaye, zenye viti vya plastiki na soda, sikuwahi kuona watu wakijifunza kwa kasi ile.

Kingine kilikuwa nyuzi. Wengi wao hawakupenda kuandika, na maandishi kwenye gunia hufutika kwa mvua. Kwa hiyo kila mwanamke alikuwa na rangi yake ya uzi wa kushonea mdomo wa gunia, na mshono wake. Mama Sesilia alikuwa mwekundu. Mwanachama mpya alishonewa uzi mweupe msimu mzima, na gunia la uzi mweupe lilifunguliwa sokoni mbele ya watu. Msimu ukiisha salama, alichagua rangi. Nimewaona wanawake wazima wenye wajukuu wakichagua rangi ile kwa siku tatu, kama wanachagua jina la mtoto.

Uzi ulikuwa na maana kwa sababu ya Bi Zuhura. Huyu alikuwa mwenyeji wa Kondoa aliyeolewa Morogoro mjini, na sokoni alianza kwa kuokota majani ya nje ya kabichi, yale yanayotupwa, akawauzia wafuga mbuzi. Nilimuuliza aliwezaje kutoka kwenye majani hadi meza kubwa vile. Akaniambia kwamba aliyeinama chini ya meza za wenzake mwaka mzima anajua kabichi ya nani inatupwa majani mengi na ya nani machache, na kwamba alipopata meza yake alijua tayari ampokee nani. Magunia yetu ya rangi hakuyafungua. Aligusa mshono kwa kidole gumba, akapima, akayapitisha kwa wateja wake: mama lishe, wapishi wa harusi, mabweni ya wanafunzi. Katika soko lile, ambako kila mtu alichimba gunia mpaka chini akitafuta kudanganywa, gumba la Bi Zuhura lilikuwa heshima kubwa. Wanawake wa mlimani waliishi kwa gumba lile.

Mimi ndiye niliyeliharibu.

Nilikuwa na miaka kama minane kwenye kazi, muda wa kutosha kujiona najua. Msimu ule aliingia Anjela, mama kijana wa watoto wawili, ambaye ukoo wa mama yake ulikuwa umempa kipande cha shamba mteremkoni. Alipanda njegere. Alikuwa bado na uzi mweupe. Siku ya lori tulipakia magunia manne ya njegere, mawili ya Mama Sesilia na mawili ya Anjela, tukayaweka juu ya kabichi, pembeni, yapate upepo. Njegere zinapumua, mnajua. Ukizibana zinapika zenyewe. Ndiyo maana katikati ya gunia tunasimamisha kitita cha matete makavu, joto lipate pa kutokea.

Chini ya kijiji cha Mlali ekseli ya lori ikakatika. Asubuhi ikawa mchana, na huko chini jua halina ukungu wa kulizuia. Nilipoingiza mkono kwenye gunia la kwanza nilihisi joto la uji. Nikafanya lililo sahihi: nikatandika turubai kivulini, nikafungua magunia yote manne, nikamwaga njegere zipoe. Lori jingine lilipopatikana jioni, nilikuwa nimechoka, dereva anapiga honi, na chungu zile nne zilikuwa zimeingiliana. Mkononi nilikuwa na uzi mwekundu tu, ule mweupe ulikuwa umebaki kwenye lori bovu, hatua mia mbili nyuma. Nilijua kabisa ninachofanya. Nilijiambia ni safari moja, na njegere zote zilionekana nzuri. Nikashona magunia yote manne kwa uzi mwekundu.

Bi Zuhura aligusa, akayapitisha kwa mpishi wa harusi. Mpishi akayafungua asubuhi ya harusi, masufuria yakiwa motoni. Njegere za Anjela zilichumwa na umande, jambo ambalo mimi sikulijua na yeye hakujua kuwa ni kosa. Ndani ya gunia umande uligeuka ukungu mweupe unaonuka, ukala na za Mama Sesilia zilizochanganyika nazo.

Nilipofika wiki iliyofuata Bi Zuhura hakunipigia kelele. Alinipa kigoda, akanisimulia kila kitu taratibu, mpaka maneno ya mama wa bwana harusi. Halafu akasema msimu huu hatapokea tena uzi mwekundu wala rangi yoyote ya mlima ule, kwa sababu wateja wake wameanza kumuuliza kama bado anajua kugusa. Msimu ujao nilete, midomo ya magunia ikiwa wazi. Nilimwambia ukweli: njegere mbaya hazikuwa za Mama Sesilia, ni mimi niliyeshona. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Tatu, mwanangu," akasema, "mimi sikununua kwako. Nilinunua kwenye uzi. Kamwambie mwenye uzi aje aseme mwenyewe kwamba si zake, nitamsikia."

Nilipanda mlima nikiwa na nafuu moyoni, nikidhani nimebeba dawa. Mama Sesilia alikuwa anapalilia. Nilimweleza yote, pamoja na kosa langu, nikamwambia akishuka kesho na kusema neno moja tu mambo yataisha: Anjela atafungiwa, sisi wengine tutaendelea. Aliendelea kupalilia hadi mwisho wa tuta. Aliporudi upande wangu alikuwa ameshaamua.

"Uzi ni wangu, basi njegere ni zangu. Leo nikisema hizi si zangu, kesho atajuaje zipi ni zangu?"

Nikamkumbusha kabichi. Zilikuwa zimeshafunga, za wanawake kumi na wawili, na mvua ilikuwa inanyesha kila jioni. Kabichi iliyokomaa ikinywa mvua kupita kiasi inapasuka, na iliyopasuka hainunuliwi hata na mfuga mbuzi. Tulikuwa na siku nane, labda kumi. Akasema anajua kuhesabu.

Siku ya pili dalali akapanda. Habari za sokoni hupanda mlima haraka kuliko lori. Alikuwa na adabu ya kutisha. Aliamkia mpaka vijana wadogo. Alipita kwenye mashamba akibonyeza kabichi kwa kiganja, akasema amesikia, pole sana, na kwa kuwa sisi ni watu wake wa zamani atakuja Jumamosi na lori azichukue zote, bei atasema akifika, na magunia yawe lumbesa kama zamani. Mama Sesilia akamkaribisha chai. Akanywa, akashukuru, akaondoka. Wanawake wawili wakaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba afadhali hivyo. Sikuwalaumu. Kama Jumamosi ingefika bila mnunuzi mwingine, dalali angerudi kuwa mwenye mlima, na safari ijayo hakuna ambaye angethubutu kushuka mwenyewe.

Jioni ile Mama Sesilia aliita kikao, ingawa msimu haukuwa umeisha. Chai ilikuwepo, mahindi hayakuwepo. Akanigeukia mimi kwanza. Umeharibu nini? Nikasema: nilishona uzi mwekundu kwenye njegere za uzi mweupe nikijua. Utafanya nini? Nikasema nitatafuta walaji wengine kabla ya Jumamosi. Wapi? Nikasema sijui. Mwanamke mmoja akasema hilo ndilo jibu la kwanza la kweli alilolisikia kwangu tangu nifike. Wakacheka kidogo, na kule kucheka kulisaidia.

Halafu Anjela, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, akasimama. Akasema yeye ameharibu kwa kuchuma alfajiri. Alikuwa ameulizauliza kwa siku mbili mpaka akaelewa: njegere zisichumwe kabla majani hayajakauka. Kesho yake angeanza kuchuma saa nne. Na jambo la pili, akasema, kaka yake anakata miwa huko Mtibwa, na kila anapokuja likizo analalamika kwamba wanakula maharage na dagaa, dagaa na maharage, kabichi wanaiona Krismasi.

Mama Sesilia akauliza Mtibwa kuna watu wangapi. Hakuna aliyejua. Akasema wakata miwa wote wana midomo, hiyo inatosha.

Asubuhi alinifungia magunia mawili ya kuonyesha, moja kabichi, moja karoti, kutoka shamba lake mwenyewe. Alichagua moja moja, akizigonga kwa kidole na kusikiliza. Kisha akachukua uzi mweupe. Nilidhani amekosea, nikamnyooshea ule mwekundu. Akauacha mkononi mwangu.

"Huko hawanijui," akasema. "Mimi ni mgeni."

Wenzake walikuwa wamesimama barabarani, wakamwona akishona. Mwanamke aliyeanzisha rangi zote zile, miaka yote ile, alijishonea mshono wa mwanachama mpya, bila haraka, na alipofika mwisho akakata uzi kwa meno. Wale wawili waliokuwa wakimsifia dalali hawakusema tena jambo hilo. Mimi nimeona watu wengi wakijenga biashara tangu hapo, na wengi wao ni hodari wa kupanda. Kurudi chini kwa hiari yako, watu wakikuona, sijaona wengi.

Yaliyotokea baadaye mnayaishi wenyewe kila Jumanne lori linapoondoka, kwa hiyo nitamalizia na siku ile tu.

Nilishuka hadi Morogoro, nikapita mbele ya meza ya Bi Zuhura nikamsalimia, kisha nikatafuta lori la sukari linalorudi tupu. Dereva aliniuliza nakwenda kwa nani. Nikamwambia nitamjua nikifika. Tuliacha lami ya Dodoma pale Magole, milima ikahamia upande mwingine, na kukaanza kuwa na miwa, kisha mpunga, kisha miwa tena. Joto la Turiani, mji wa jirani na Mtibwa, lilinipokea kama limeambiwa natoka wapi. Nilifika saa nane mchana na magunia yangu mawili, katika mji ambao sikumjua hata mbuzi.

Sokoni walinikataa kwa upole. Mmoja alikuwa na mtu wake wa mboga, mwingine alisema wakata miwa hawali majani. Huyo wa pili nilimuuliza wakata miwa wanakula wapi. Akanielekeza kwa Mama Nuru.

Mama Nuru alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mwenye mikono yenye alama za mvuke. Uani kwake kulikuwa na masufuria manne ambayo mtoto angeweza kuogea. Aliwahi kuja Turiani kumtembelea dada yake, akaona wanaume wanakula miwa mchana kwa kukosa chakula, akakopa sufuria moja, na hakurudi Tukuyu. Nilimwamkia, nikasema ninakotoka. Hakutaka maelezo. Alikata uzi mweupe, akatoa kabichi moja kutoka chini kabisa ya gunia, akaipasua kwa panga, akaangalia tabaka zilivyobanana. Akatafuna karoti mbichi mpaka mwisho. Kisha maswali: mnakata siku gani? Inafika siku gani? Lori likiharibika njiani mnafanya nini?

Hapo ningeweza kusema tunamwaga chini zikapoa, na lisingekuwa uongo. Nilifikiria kabichi za wanawake kumi na wawili zikinywa mvua. Nikamweleza yote: ekseli, uzi, harusi, Bi Zuhura. Nilipomaliza alikuwa anakoroga maharage, hanitazami, na nikaanza kuangalia yalipo magunia yangu ili nijue nitayabebaje.

"Mimi niliwahi kuwalisha hawa maharage yaliyochacha," akasema. "Ilikuwa mwaka wa pili, sikuwa na pa kukimbilia. Mwezi mzima nilikula sahani ya kwanza mbele yao, kabla sijampakulia mtu. Siku nyingine nilikuwa sina njaa, nikala hivyo hivyo."

Akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. Akauliza wanawake wenyewe ni wangapi. Kumi na wawili. Akauliza kabla ya Jumamosi tunaweza kushusha lori zima. Nikasema tunaweza. Akauliza nimefikia kwa nani. Nikasema bado sijafikia.

Alifuta mikono kwenye kanga akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye chumba cha kuhifadhia mpunga, chenye dirisha dogo na harufu ya pumba. Akaanza kusukuma magunia ya mpunga kwenda ukutani, moja baada ya jingine, na mimi nikamsaidia, mpaka katikati ya chumba pakabaki uwanja mkubwa. Nikamwambia Mama asijisumbue, mimi nafasi ya mkeka inanitosha.

"Wewe utalala pale dirishani," akasema, na kuendelea kusukuma. "Hapa pote ni pa kabichi zenu."